Mashetani wa La Vega na Makalio ya Katibu

Leo akina mama sita wa kanisani kwetu wameyaona makalio yangu. Sita. Mmoja alivaa kwanza miwani ya kusomea.

Nawaandikia nikiwa nimelala kifudifudi kitandani, hapa kwangu Thamesmead, simu iko sakafuni na kichwa kinaning'inia. Nimeamua nisimulie mwenyewe kabla Sista Njeri hajawafikia, maana yule ataongeza chumvi, na kisa hiki jamani hakihitaji hata punje.

Nianze na dhambi yenyewe.

Kazini ninapanga zamu za watu wanaohudumia wazee majumbani. Meza ya pili anakaa Yesenia, mtu wa Jamhuri ya Dominika huko Karibiani, mcheshi, sauti kama ya mnadani. Kwao ni La Vega, mji ulio katikati ya kisiwa, mbali kabisa na pwani.

"Karibiani bila bahari?" nilimuuliza siku moja.

"Bahari ya kazi gani?" akasema. "Sisi tuna mashetani."

Akanieleza. Kila Jumapili ya Februari mji wao una kanivali, na wenye kanivali ni mashetani: watu wazima, wengine wahasibu, wengine madaktari wa meno, wamevaa vinyago vyenye pembe na meno ya kutisha. Mwaka huu akasema twende wote, kwa mama yake kuna chumba. Nikakata tiketi siku hiyo hiyo, wakati wa chakula cha mchana, kabla akili haijarudi mezani.

Tatizo ni kwamba mimi ni katibu wa ushirika wa akina mama. Na wiki hiyo ndiyo ilikuwa wiki yetu ya kufunga na kuomba. Katibu, mwenye kushika daftari la zamu za maombi, anaaga vipi kwamba anakwenda kukata kiuno mbele ya mashetani?

Nikamwambia Mama Mchungaji kwamba nakwenda ziara ya kiroho.

Haukuwa uongo mtupu! Juu ya bonde la La Vega kuna mlima mdogo wanaouita Kilima Kitakatifu, una kanisa la siku nyingi, na huko bondeni kuna magofu ya mji wa kwanza, ule ulioangushwa na tetemeko la ardhi enzi za Wahispania. Urithi wa historia ukitaka. Watu hupanda pale kusali. Na mimi nilipanda. Nikasali. Dakika ishirini kamili. (Siku tano zilizobaki nilikuwa mjini.)

"Kilima Kitakatifu!" Mama Mchungaji alishika kifua kwa mikono miwili. "Dada Upendo, nenda ukatuombee."

"Amina," nikajibu. Amina ya mwanamke ambaye tayari amepakia blauzi ya kumetameta.

Sasa, mashetani wa La Vega wana silaha. Kila mmoja ana kibofu cha mnyama, kikavu, kimejazwa upepo hadi kikawa kigumu kama mpira wa kikapu, kimefungwa kwenye kamba. Anakizungusha hewani halafu anakitua nyuma kwako. Pale pa kukalia. Hapo tu. Wana shabaha hao, sijapata kuona. Sheria ni moja: ukisimama juu, kwenye njia ya waenda kwa miguu, hakugusi mtu. Ukishuka barabarani, umejitolea.

Yesenia alinionya mara tatu. Kwa Kiingereza, kwa Kihispania, na kwa vidole.

Nikashuka. Nilitaka picha na shetani mmoja aliyejaa vioo vidogo vidogo mwili mzima, kila akitikisika unaona jua mia moja. Picha nikapata. Na vingine nikapata.

Kurudi London ni saa tisa angani. Nusu ya kwanza nilikalia upande wa kushoto, nusu ya pili wa kulia, na nilipotua mume wangu Gadi aliniangalia ninavyotembea akauliza kama nimebeba kitu cha magendo. Nyumbani nikamwonyesha. Hakucheka. (Kumbukeni hili: hakucheka.) Alikwenda dukani akarudi na dawa ya kuchua, akanipaka kimyakimya kama anapaka mtoto.

"Gadi, niapie. Mtu yeyote asijue. Hasa kanisani."

"Sitasema."

"Hata wakuulize."

"Upendo, nimesema sitasema."

Gadi ni fundi wa lifti. Ni mtu wa maneno machache, akikaza skrubu imekaza. Nikalala kwa amani, kifudifudi.

Haya, ndiyo tumefika leo.

Asubuhi simu. Mama Mchungaji. "Dada, mchana tunakutana kwangu. Utatoa ushuhuda wa Kilima. Nimewaambia wote, hata Bibi Perpetua anakuja."

Gadi alinishusha mlangoni akaenda kwenye kazi yake, akaahidi kunifuata baadaye. Nikaingia. Sebule imepangwa viti. Viti jamani! Vya mbao, vya plastiki, vya kukunja, na katikati ya vyote sofa la ngozi ambalo Mama Mchungaji humpa mgeni wa heshima.

"Karibu ukae, mpenzi."

"Asante mama, nitasimama kidogo."

Kidogo ikawa robo saa. Wameimba, nimesimama. Wamesoma neno, nimesimama. Chai imepita, nimeinywa kwa kusimama, nimeegemea kabati la vyombo kama askari wa benki. Nikaona Mama Mchungaji ananitazama, macho yanaanza kulowa.

"Akina mama," akasema taratibu. "Mmemwona dada yetu? Tangu ameingia hajakaa. Mtu aliyetoka mahali patakatifu hawezi kukaa tu mbele za Bwana kama yuko sinema."

Akasimama yeye. Halafu wa pembeni yake. Halafu wote! Sebule nzima imesimama na vikombe mkononi, kwa heshima ya makalio yangu.

Ningeweza kunyamaza. Ningepita salama. Ila Bibi Perpetua naye alikuwa anainuka.

Bibi Perpetua ni Mhaya wa Bukoba, ana miaka sabini na kitu, goti moja limebadilishwa na la pili linasubiri foleni hospitali. Alijivuta kwenye fimbo yake, akashika televisheni, akasimama anatetemeka. Jasho likamtoka hapa kwenye paji.

"Bibi, kaa tafadhali," nikamwambia.

"Sikai. Wewe umesimama."

"Bibi, goti!"

"Goti ni la Bwana. Endelea na ushuhuda, mwanangu. Anza toka uwanja wa ndege."

Toka uwanja wa ndege! Nikamtazama yule bibi, nikatazama lile goti, nikajiona nilivyo mshenzi. Basi nikafanya jambo la pekee la Kikristo nililofanya mwezi huu mzima.

Nikakaa.

Nilijaribu kutua polepole, kama ndege. Lakini sofa la ngozi linanyonya. Nilizama, nikaenda chini, nikakuta chuma.

Sauti iliyonitoka siwezi kuiandika. Nilisimama kabla sijajua nimesimama, chai ukutani, mikono juu.

"Haleluya!" akina mama wakajibu kwa pamoja.

"Haleluya nini?" Sauti ilitoka nyuma, karibu na mlango. Sista Njeri. Mkenya, mwembamba, manesi wote wa kanisani wanamwogopa. "Mimi niko wodi ya dharura miaka kumi na minane. Hiyo si haleluya. Hiyo ni maumivu. Upendo, kuja hapa."

"Ni mgongo tu, Sista."

"Kuja."

Mnajua tatizo la ushirika wetu? Nusu ni manesi. Ukipiga chafya unapimwa presha. Njeri alinishika mkono akanipeleka chumbani kwa Mama Mchungaji, wakamfuata manesi wengine watatu, akafuata Mama Mchungaji kwa sababu chumba ni chake, akafuata mama mmoja ambaye ni wa mapishi ya shuleni lakini hataki kupitwa. Nikalazwa juu ya shuka la maua.

"Sketi," akasema Njeri.

"Sista, nakuomba..."

Sketi haikuombwa ruhusa.

Nilisikia basi linapita nje.

Wacha niwaeleze wanachokiona. Alama tano, za mviringo, kila moja kama kisahani cha kikombe. Zambarau katikati, kijani pembeni, na njano inaanza kuingia. Hapo ndipo mama wa mapishi alipotoa miwani mkobani.

Halafu sauti ya Njeri ikabadilika. Ikawa ya chini, laini, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Upendo. Ni nani amekufanyia hivi?"

Ndipo nikaelewa wanachofikiria.

"Hapana! Hapana, si yeye!"

"Hatujamtaja mtu," akasema Njeri polepole, na nikaona wanatazamana.

"Nilianguka." (Hapo ndipo nilipoharibu. Kati ya maneno yote ya Kiswahili!)

"Ulianguka mara tano? Mahali pamoja?"

"Ngazi ndefu, Sista."

Mama Mchungaji alikuwa ameanza kulia kimya kimya, ananishika mguu. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Nawaapia. Nilikuwa na neno la kwanza kwenye ulimi. Kengele ya mlango ikalia.

Gadi.

Nilivuta sketi, nikatoka mbio, nikakuta wameshamweka katikati ya sebule. Amesimama na koti langu mkononi, kwa sababu nililisahau kwenye gari na yeye ni mtu wa namna hiyo, huleta koti. Akina mama wamemzunguka. Bibi Perpetua yuko mbele, na fimbo haiko tena sakafuni.

"Shemeji," akasema Njeri, "unajua kwamba mke wako ana alama mwilini?"

"Najua," akasema Gadi.

Watu wakavuta pumzi.

"Zimetoka wapi?"

Gadi akanitazama juu ya vichwa vyao. Na mimi mpumbavu, kwa mazoea tu, nikatikisa kichwa kumwambia asiseme. Wote wakaniona ninatikisa kichwa.

"Niliahidi sitasema," akasema.

"Ulimwahidi nani?"

"Yeye. Alinifanya niape." Akafikiri kidogo, akaona labda aongeze kitu cha kuwatuliza. "Lakini msijali. Kila usiku nampaka dawa, halafu yanaisha."

Ee Mungu wangu.

Bibi Perpetua alinyanyua fimbo. Gadi hakurudi nyuma. Alisimama vilevile, amekumbatia koti langu la mvua, amenyooka, uso umemwiva kwa aibu, tayari kupigwa na bibi wa miaka sabini ili mimi nisiumbuke. Na mdomo haufunguki! Miaka kumi na sita ya ndoa, jamani, sijawahi kumpenda kama pale, na sijawahi kutaka kumzaba kibao kama pale.

"Ni mashetani!" nikapiga kelele. "Aliyenipiga ni shetani!"

Mama Mchungaji akanigeukia kwa huruma. "Tunajua, mpenzi. Mwanaume hapigi mwenyewe. Yupo anayemtuma."

"Hapana mama! Shetani mwenyewe! Ana pembe. Ana kengele kiunoni. Hakuwa mmoja, walikuwa kama kumi na wawili, nilikuwa nimesimama barabarani!"

"Saa ngapi?"

"Saa tisa mchana."

"Mchana kweupe!" Mama Mchungaji alishika meza. "Mafuta! Leteni mafuta!"

Nisiwafiche. Niliombewa. Mkono wa kwanza kichwani, wa pili begani, wa tatu ukaenda nyuma, pale pale, kwa ajili ya uponyaji, nikatoa ile sauti tena, na wakachukulia kwamba ndiyo mashetani wanatoka. Gadi naye alikuwa ameshikwa na watatu. Amefumba macho. Anaitikia amina kila baada ya sentensi, yule mwanaume, kana kwamba kweli ana kosa.

Njeri peke yake hakuomba. Alikuwa ametoa simu, anatafuta namba. Nikajua anawapigia polisi, na nikajua ana haki ya kupiga.

"Sista Njeri, subiri. Nina video."

Yesenia alinirekodi. Ningeifuta, lakini nilikuwa napenda nilivyotoka. (Blauzi ilikuwa inawaka.) Nikafungua simu, nikampa. Wakasogea wote. Mama Mchungaji mbele. Maombi yakasimama katikati ya sentensi.

Mimi sikuhitaji kuangalia. Nilisikia tu.

Ngoma. Tarumbeta. Kengele za shetani. Halafu *paa!* Na mlio wangu.

"Yesu," akasema mama wa mapishi. "Kweli ni shetani."

Nikapumua. Nimepona. Gadi amepona. Nikanyoosha mkono nichukue simu yangu.

Lakini video ilikuwa na sekunde nyingine ishirini. Nilikuwa nimesahau. Nawaapia nilikuwa nimesahau.

Sauti yangu ikasikika tena, Kiswahili safi cha Iringa, katikati ya Karibiani: "Tena! Baba shetani, niongeze!"

*Paa!*

"Nyingine!"

*Paa!*

Mara tano jumla. Nikicheza. Nimeinama kidogo ili kumrahisishia. Halafu kamera inasogea karibu na uso wangu, jasho linatiririka, mkononi nina kipande cha kitimoto, nguruwe wa kukaangwa, kikubwa kama kitabu cha nyimbo, nakiinua juu kabisa, na kusema kwa furaha isiyo na kifani:

"Nawasalimu akina mama wote mnaofunga!"

Video ikaisha.

Nilitazama zulia. Ni la kahawia, lina michirizi. Sasa kuna na chai.

Wa kwanza kuongea alikuwa Njeri. Lakini hakuongea na mimi. Aliweka simu yake mfukoni, akamwendea Gadi, akasema, "Shemeji, nisamehe. Nimekuwazia mabaya."

"Usiombe msamaha, Sista," Gadi akasema. "Ingekuwa ni kweli, ningetaka mfanye hivi hivi. Hata zaidi." Na hapo, wapendwa, hakuna aliyecheka, wala mimi sicheki ninapoandika. Waliuamini mwili wangu kuliko mdomo wangu, na mdomo wangu leo haukustahili kuaminiwa.

Halafu Mama Mchungaji akanigeukia.

"Dada Upendo. Kule Kilimani ulifika?"

"Nilifika mama."

"Ulituombea?"

"Niliwaombea."

"Muda gani?"

Ningesema saa mbili. Nani angejua? Lakini nilikuwa nimechoka. "Dakika ishirini."

Akatingisha kichwa taratibu, anahesabu kitu moyoni. "Na goti la Bibi Perpetua uliliombea?"

"Nililiombea, mama. Hilo la kwanza kabisa." Na ni kweli. Ndilo ombi pekee nililolitaja kwa jina.

Bibi Perpetua, ambaye alikuwa amerudi kwenye kiti na fimbo imelala mapajani, akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Nikamkimbilia. Alikuwa anacheka hadi hawezi kupumua.

"'Baba shetani,'" akasema. "Amempa na heshima!"

Hapo sebule ikalipuka. Nesi mmoja alikaa sakafuni. Mama wa mapishi aliomba video irudiwe, na mwenye kuirudisha alikuwa Mama Mchungaji mwenyewe, kwa kidole chake, akisema anataka tu kuangalia yale mavazi yameshonwaje. Waliitazama mara nne. Mara ya nne wakahesabu mapigo kwa sauti.

Hukumu ikatolewa chai ya pili ikiwa inamiminwa. Ukatibu sikuvuliwa, kwa kuwa hakuna mwingine anayetaka daftari. Lakini Jumatatu naanza kufunga, wiki nzima, peke yangu, na kila jioni Njeri atapita kwangu kuona mambo mawili: kama nimekula, na kama uvimbe unapungua.

Ndani ya gari nilipiga magoti kwenye kiti cha nyuma, nimekumbatia kiti cha mbele. Gadi aliendesha. Taa za kwanza tukapita. Taa za pili tukapita. Tulipofika kwenye ziwa la hapa Thamesmead akaegesha pembeni ghafla, akazima gari, akaweka paji la uso kwenye usukani.

"'Nampaka dawa, halafu yanaisha,'" akasema. "Upendo, mimi ndiye niliyesema vile?"

"Wewe."

"Mbele ya manesi?"

"Na bibi mwenye fimbo."

Tulikaa pale nusu saa nzima, yeye hawezi kuendesha, mimi siwezi kunyooka.

Basi ndugu zangu, nawaomba kwa unyenyekevu: msicheke. Mume wangu anacheka kwa niaba yenu wote. Namsikia hapo bafuni, na maji ameyafungulia makusudi nisimsikie.